Wachimbaji wa Wigan: mugodi ulikufa, dansi ikabaki

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kungojea bwana atoke ku posti ya usiku,

Tarehe 15 mwezi wa saba 2023, ndani ya Royal Albert Hall, sala kubwa ya muziki ya mji wa London, orkestra nzima ilipiga nyimbo zenye zamani zilichezwa usiku tu, na watoto wa wachimbaji na wa watu wa viwanda. BBC ilikuwa imeziingiza ndani ya Proms, sherehe yake ya muziki ya kila mwaka. Watu wenye suti walipiga makofi. Muziki ule unaitwa Northern Soul.

Mutu anaweza kuuliza: délégué wa syndicat anatafuta nini ku dansi ya Wazungu, wakati sisi huku tuko na shida ya sous-traitance, ya mushahara, ya vumbi ku kifua? Jibu ni fupi. Wengi wa wale wachezaji walikuwa watu wa mugodi na wa kiwanda kama sisi. Migodi yao ilifungwa yote. Lakini kitu kimoja chenye walijitengenezea wao wenyewe kingali hai, miaka 50 kiisha. Inafaa tujue sababu, maana shimo letu nalo halitadumu milele.

Muziki wa Detroit, miguu ya Wigan

Northern maana yake ni ya kaskazini. Kaskazini ya Uingereza njo kulikuwa migodi ya makaa ya mawe, sawa yale ya Luena kwetu, na viwanda vya pamba, vya udongo na vya chuma. Wigan, mji wa Lancashire, uliishi kwa makaa na pamba.

Soul yenyewe ni muziki wa watu weusi wa Marekani. Sehemu kubwa ilitoka Detroit, mji wa kutengeneza magari. Berry Gordy, mwenye alianzisha kampuni ya muziki ya Motown mwaka 1959, alikuwa amefanya kazi ku cheni ya magari ya Lincoln-Mercury. Alisema mwenyewe kama mpango wa kutengeneza nyimbo na waimbaji aliutoa ku ile cheni. Basi ulikuwa muziki wa mji wa wafanyakazi, wenye kwenda haraka, wenye ngoma nzito, na uliingia ndani ya miji mingine ya wafanyakazi.

Kufika mwaka 1970, Marekani na London walikuwa wameshageukia mitindo mingine. Watu wa kaskazini walikataa. Walitaka paka ile soul ya haraka ya miaka ya 1960. Mwandishi mumoja, Dave Godin, alikuwa na duka la diski ku London, jina Soul City. Aliona vijana wa kaskazini wakishuka kuangalia mupira, kiisha wanapita ku duka kuuliza zile diski za zamani. Aliambia wafanyakazi wake wawawekee kando, na akazipa jina: Northern Soul. Mwaka 1970 aliliandika ndani ya gazeti la Blues & Soul, na jina likashika.

Tena hawakutafuta nyimbo zenye kila mutu anajua. Walitafuta zile zenye zilianguka sokoni: diski ya kampuni ndogo ya Chicago ao ya Detroit, yenye haikuuzwa, yenye ililala ndani ya depo na vumbi. Wimbo wenye Marekani iliutupa, mutoto wa mugodi aliuokota.

Usiku wa siku ya posho

Sala zilikuwa mingi. Twisted Wheel ku Manchester, ya kwanza kusifiwa. Torch ku Tunstall, ndani ya Stoke-on-Trent, mji wa vyungu na makaa. Mecca ku Blackpool. Lakini yenye kutajwa kuliko zote ni Wigan Casino, yenye ilianza usiku wake wa soul tarehe 23 mwezi wa kenda 1973, na Russ Winstanley ku meza ya diski.

Ilikuwa usiku wa Jumamosi, siku yenye wazee wetu waliita siku ya posho. Wakati mabaa yanafungwa, Casino njo inafungua. Watu wanacheza mpaka saa mbili ya asubuhi ya Jumapili. Pombe haikuuzwa. Kijana alifika na mufuko wa sport: ndani muna taulo, shati ya kubadilisha, na unga wa talki wa kumwanga chini ili viatu viteleze ku mbao. Suruali pana, nguo nyepesi sababu ya jasho. Walipiga mizunguko, walijitupa mugongo chini na kusimama mbio, waliruka mateke ya hewa. Wengine walitoka mbali, kwa treni na kwa bisi, saa na saa za njia, kwa usiku mumoja.

Angalia kitu kimoja: walicheza kila mutu peke yake. Hakuna lazima ya kuwa na mwenzi, wala franga ya kumununulia mutu kinywaji. Hakuna mwenye kuuliza baba yako ni nani. Ku mugodi ulikuwa numero, ku kiwanda ulikuwa mukono ku mashini. Ku Casino ulikuwa mutu mwenye kujulikana kwa miguu yake na kwa akili yake ya diski. Juma nzima saa ni ya patron. Ule usiku saa ni yako.

Tusifanye kama ilikuwa mchezo wa watu wasio na shida. Tarehe 18 mwezi wa tatu 1979, siku ya Jumapili, gesi ililipuka ndani ya mugodi wa Golborne, karibu na Wigan. Wachimbaji 10 walikufa. Njo inchi yenye wale vijana waliishi. Mwenye kushuka chini ya udongo anajua kwa nini mutu anacheza mpaka asubuhi.

Nani alikula faida?

Hapa tufungue macho, maana hii habari tunaijua vizuri sisi wenye kuchimba.

Diski ilipokuwa ngumu kupatikana, bei ilipanda. Wapiga diski walibandika karatasi ya jina la uongo juu ya diski, ili mwengine asijue ni wimbo gani na akaenda kuutafuta. Wafanya biashara walivuka bahari, wakanunua diski kwa makuta ndani ya madepo ya Marekani, wakaziuza kaskazini kwa bei ya juu. Mfano wenye kujulikana ni diski ya Frank Wilson ya 1965, ya Motown. Ilitengenezwa, kiisha karibu zote zikaharibiwa mbele ya kuingia sokoni. Zikabaki za kuhesabu ku vidole. Mwaka 2009 moja iliuzwa zaidi ya pauni 25,000.

Lakini diski ya mutumba ikiuzwa, mwimbaji halipwi kitu. Kazi ya jasho lake inazunguka toka mukono huu mpaka ule, inazaa franga kila mara, yeye haimo. Na kulikuwa wenye kutengeneza diski za wizi, kopi bila ruhusa, nazo hazikumulipa. Waimbaji wengine walishaacha muziki, wanafanya kazi zingine kwao, hawajui hata kama ng'ambo ya bahari kuna watu wanalia wakisikia sauti yao. Kiisha washabiki waliwatafuta, wakawaleta waimbe mbele yao. Ile ilikuwa heshima, na washabiki wanastahili sifa. Lakini heshima si haki ya kazi. Mutu wa Kolwezi mwenye kuona kobalti ikipita mbele ya mulango wake hana lazima ya kufasiriwa zaidi.

Kuna tena upande mubaya wenye washabiki wazee hawafichi. Kucheza usiku nzima kiisha juma ya kazi, wengi walimeza vidonge vya kuwafukuza usingizi. Maduka ya dawa yalivunjwa. Twisted Wheel ilifungwa mwaka 1971, na Torch mwaka 1973, habari ya madawa ikiwa kati. Vijana wengine waliharibika, wengine walikufa. Serikali ilituma polisi. Wazazi wa cité zetu, ninyi wenye kuona mutoto anarudi asubuhi na macho mekundu, mnajua kama polisi peke yake haiponyeshi.

Kufungwa

Sasa tufike ku jambo lenyewe. Wigan Casino ilijaa, ilijulikana inchi nzima, lakini wale wenye kuijaza hawakuwa na kipande hata kimoja cha karatasi juu ya ile nyumba. Baraza la mji lilitaka mahali pale kwa kupanua majengo yake. Usiku wa mwisho ulikuwa mwezi wa kumi na mbili 1981. Mwaka 1982 nyumba iliungua, na mwaka wenye kufuata wakaibomoa. Na yale majengo ya baraza hayakujengwa: franga ilikosa. Miaka mingi kiisha, mwaka 2007, wakafungua pale soko la maduka.

Kiisha sala, migodi. Mwezi wa tatu 1984 wachimbaji wa makaa waliingia ku grève kubwa, na Arthur Scargill mbele ya syndicat yao. Migodi ilikuwa karibu 170. Wamama walisimamisha majiko ya kulisha familia. Walikaa mwaka moja, wakarudia kazi bila kupata walichotaka. Mashimo yakafungwa moja kwa moja, mpaka Kellingley, mugodi wa mwisho wa chini sana, mwezi wa kumi na mbili 2015.

Kazi ilienda. Dansi haikuenda. Mpaka leo wazee wa miaka 65 ao 70 wanakutana mwisho wa juma, wanamwanga unga wao chini, na wajukuu wanakuja kujifunza. Mwaka 2014 filamu ilitengenezwa juu yao, na mwimaji wake mwanamuke, Elaine Constantine. Watu wanakumbuka wenzao, wanazika pamoja, wanatembeleana. Ile ndiyo njia ya kukaa jamii wakati kampuni imeondoka.

Na angalia wapi wanachezea mara mingi: ndani ya zile nyumba zinazoitwa Miners' Welfare, nyumba za starehe za wachimbaji. Hazikuanguka toka mbinguni. Sheria ya 1920 iliamuru patron watoe peni moja ku kila toni ya makaa, na ile franga iingie ndani ya mufuko wa kujenga sala, mabafu, viwanja na maktaba. Mingi ya zile nyumba ziliwekwa ndani ya mikono ya kamati, kwa faida ya wachimbaji. Si zote ziliokoka. Lakini pale kamati ilikuwa na karatasi, mugodi ulifungwa na mulango wa sala ukabaki wazi. Casino ilikuwa na sifa kuliko zote, na haikuwa na karatasi. Njo tofauti.

Na sisi?

Kwetu Katanga, Union Minière na kiisha Gécamines walijenga ma-cercle, viwanja vya mupira, fanfare. Wengi waliita kampuni baba na mama. Lakini kila kitu kilikuwa cha kampuni. Kamoto ilipoporomoka mwaka 1990, na mwaka 2003 ilipokuja ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi, yenye iligusa wafanyakazi zaidi ya 10,000, baba na mama walikuwa wameshalala chini, na vitu vyao vikalala pamoja nao. Mzee alipoteza kazi, na mahali pa kukutana na wenzake vilevile. Kinyume chake, wazee wa Lubumbashi wangali wanakumbuka Jecoke, vijana wa commune ya Kenya wenye kucheza jiva. Wale hawakungojea bwana mukubwa awape ruhusa ya kuvaa vizuri.

Leo tuko na chombo chenye wazee wetu hawakukipata. Sheria ya migodi iliyosahihishwa mwezi wa tatu 2018 inalazimisha kampuni watoe 0,3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zenye kuguswa na mugodi, mbali na cahier des charges. Ni peni yetu ya toni. Kila mara tunasikia: masomo, visima, njia, nyumba za matunzo. Ni vizuri, vikuje mbele. Lakini kwa nini hatujaomba, hata mara moja kwa sauti kubwa, mahali pa vijana na wazee kukutana?

Basi wadélégué wenzangu, tukikaa ku meza, tuombe vitu vitatu. Cha kwanza: sala ya cité iandikwe ndani ya cahier des charges kwa jina lake, isifichwe nyuma ya maneno «mambo mengine». Cha pili: karatasi ya kiwanja na ya nyumba iwe ku jina la jamii, isiwe la kampuni wala la mukubwa mwenye kupita. Cha tatu: kamati ichaguliwe, na ndani yake wakae vijana na wamama, si sisi wazee wa syndicat tu, maana wenye kucheza njo wanajua sala inataka nini.

Muziki gani utapigwa mule, tuwaachie. Sisi tupiganie karatasi.