Kanzu Nyeupe na Kamera Mpya



Kamera tuliinunua wiki mbili kabla ya nikaha ya mwanetu, na wiki zote mbili ilikaa ndani ya boksi lake juu ya kabati, isije ikachezewa na watoto. Siku yenyewe, baada ya swala ya Alasiri, tuliifungua tukiwa tumekwisha kuvaa, tukazungusha gurudumu la juu hadi kwenye alama ya kijani, ambayo muuzaji alitwambia kuwa hufanya kila kitu, tukaelekea msikitini. Ilifanya kweli, ila ilifanya ilivyopenda yenyewe.

Tulirudi na picha 214. Kanzu zote zilikuwa na rangi ya jivu. Zilizopigwa chini ya taa zilikuwa na umanjano, kana kwamba watu wamepakwa bizari. Na Ami yetu, aliyetoka Pate kwa mashua hadi Lamu, akavuka Mokowe, akapanda basi hadi Mombasa na umri wake wa miaka themanini na ushei, ndiye aliyeombwa kuifunga shughuli kwa dua. Katika picha hiyo mikono aliyoinyanyua ni ukungu mtupu, na uso wake umefutika nusu. Ilikuwa mfungo sita. Mwezi wa Rajabu Ami akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa mtu wa kupenda picha. Ukiondoa ile ya kitambulisho, hiyo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo.

Baada ya matanga tuliiteremsha kamera, tukakaa nayo barazani pamoja na kijitabu chake, jioni moja baada ya nyingine. Tuliyojifunza tunayaandika hapa kwa kuwa msimu wa harusi umekaribia, na tunajua kuna maboksi mengine juu ya makabati.

La kwanza ni kwamba kamera haijui kanzu ni nini. Hupima nuru kwa kukisia kuwa kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni rangi ya kijivu ya wastani. Ikiwekewa wanaume ishirini wenye kanzu mbele ya ukuta wa chokaa, hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na weupe ukawa jivu. Ikiwekewa akina mama waliovaa mabuibui hukosea upande wa pili: hudhani ni kiza, ikaongeza nuru, nyeusi ikapauka na nyuso zikaungua kwa weupe. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu tunaweka +1, yaani nuru maradufu. Kwa mabuibui −1. Katika kamera nyingi kitufe hiki hakifanyi kazi kwenye ile alama ya kijani. Lazima gurudumu lipelekwe kwenye herufi P, na hapo ndipo tulipoanzia.

Umanjano nao una mpangilio wake. Jicho la mwanadamu husahihisha rangi ya taa lenyewe, nasi hatuna habari. Kamera hujaribu, na ndani ya nyumba mara nyingi hukosa. Iambiwe basi kama iko juani, kivulini au chini ya balbu. Tukitaka uhakika zaidi, tunaipigisha kwanza karatasi nyeupe chini ya taa ile ile na kuiagiza kwamba huo ndio weupe.

Ukungu ndio uliotuchukua siku nyingi, na kwa sababu ya Ami hatukutaka kuupita haraka. Kamera ina njia tatu za kupata nuru: upana wa tundu la lenzi, muda ambao tundu huachwa wazi kwa nuru, na ule wepesi wa kuhisi unaoandikwa ISO. Msikitini ilichagua muda wa 1/15 ya sekunde na ISO 400. Mikono ya mzee inayopanda kwenye dua haisubiri 1/15. Ingefaa iwe 1/125, na kwa kuwa nuru ingepungua mara nane, ISO ingepanda hadi 3200. Picha ingekuwa na chembechembe kama mchanga, nasi tungezisamehe, maana uso ungekuwapo. Lenzi yetu ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na tulikuwa tumekitegemea. Kumbe hutuliza mkono wa mpigaji; wa anayeomba dua hakiuwezi. Mwenye uwezo na anunue lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo huingiza nuru karibu mara kumi kuliko yetu ikiwa kwenye f/5.6. Flashi hatuitaki msikitini.

Katika jioni hizo kijana mmoja alitusomea ujumbe unaozunguka kwenye simu, kwamba neno kamera limetokana na Kiarabu. Si kweli, ni Kilatini, na maana yake chumba. Ibn al-Haytham wa Basra hahitaji pambo la kuazima. Katika karne ya 11 alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa nuru inayolijia jicho, na alichunguza namna nuru inavyopita kwenye tundu dogo hadi mahali penye kiza. Hayo yanatosha.

Kuna mpangilio mmoja ambao akina mama wa kupamba wanapaswa kuujua kabla ya mwingine wowote. Kamera za siku hizi zinaweza kuunganishwa na simu na kuituma kila picha humo papo hapo, bila ya kuulizwa. Yetu ilikuwa imeunganishwa na simu ya kijana wa kiume wa nyumbani. Usiku wa kupamba, ambao simu hukusanywa mlangoni, kamera ingeingia kwa heshima zote na kuzipeleka picha za bibi harusi nje. Tumeuzima mpangilio huo, na anayeishika kamera usiku huo hukaguliwa kwanza.

Tarehe pia iwekwe. Kwa mujibu wa kamera yetu, nikaha ilisomwa saa sita na nusu usiku, tarehe 1 Januari.

Mfungo pili, eda yake ilipokwisha, Mama Mkubwa alikuja Mombasa na kuuliza kama ipo picha ya mumewe. Kwanza tulimwomba yeye akae karibu na mlango wa uani, nuru inapoingia bila ya jua kali. Alijitanda mtandio mweupe. Tukaweka +1, muda 1/125, ISO 800. Akaitazama kwenye kioo cha nyuma, akasema mtandio ni wenyewe na makunyanzi ni yake yote. Kisha, kwa aibu, tukampa ile ya Ami.

Aliishika kwa muda mrefu. "Ami yenu hakuwa mtu wa kutulia," akasema. "Nitolee hii, kubwa."

Tulizichapisha zote mbili kwa kipimo kimoja, na nyuma ya kila moja tukaandika kwa penseli jina, mahali, na mwezi. Ya Ami imeandikwa mfungo sita, baada ya Alasiri.