Kadi ya kliniki ni sehemu ya mizigo ya mwanafunzi



Wazee wetu wa Tarime na Serengeti hawakungoja daktari awafundishe maana ya chanjo. Waliijua kwa ng'ombe. Sotoka ilipopita, zizi lililojaa lilibaki tupu baada ya siku chache. Kisha ng'ombe wa wafugaji waliokaa kandokando ya hifadhi walipochanjwa kwa wingi, ugonjwa ulitoweka hata kwa wanyama wa porini ambao hakuna aliyewagusa kwa sindano. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Na hadi leo, mfugaji anayesafirisha ng'ombe kwenda mnada wa mbali anajua kwamba hapiti njiani bila kibali.

Nimeanza na ng'ombe kwa sababu shemeji yangu wa Mugumu, ambaye ni mfugaji, hakuelewa jambo lililomfika binti yake mpaka tulipolieleza kwa lugha ya kibali.

Binti huyo, mtoto wa dada yangu, alijaaliwa kupata ufadhili wa masomo katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Barua ya kukubaliwa ilifika, pasipoti ikatoka, viza ikapatikana. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa ajili ya nauli. Familia nzima ikadhani kwamba kilichobaki ni dua na sanduku. Ndipo, zikiwa zimesalia wiki tatu na siku chache, binti akaifungua karatasi ya mwisho miongoni mwa nyaraka za chuo. Ilikuwa fomu ya afya. Ilitaka tarehe za chanjo zake, sahihi ya daktari na muhuri. Asipoikamilisha, hataruhusiwa kujiandikisha katika masomo wala kuingia bwenini.

Hapa wazazi wengi hukosea. Hudhani kwamba aliyepewa viza amemaliza kila kitu. Viza ya mwanafunzi wa Marekani haidai chanjo hizo. Anayezidai ni chuo, kwa kufuata sheria za jimbo kilipo. Kwa hiyo mtu aweza kupita ubalozini, akapita uwanja wa ndege, kisha akazuiwa mlangoni mwa darasa.

Dada yangu, Allah amlipe kheri, alikuwa ameitunza kadi ya kliniki ya mwanawe kwa miaka yote hiyo, ndani ya kopo la biskuti pamoja na stakabadhi za pamba. Tulipoitoa tulifurahi. Furaha hiyo haikudumu, kwani kadi ilikuwa na kasoro tatu ambazo nina hakika zimo katika kadi nyingi za nyumba zetu.

Kasoro ya kwanza ni jina. Juu ya kadi paliandikwa "Mtoto wa", likafuata jina la dada yangu. Sababu yake inaeleweka. Chanjo ya kifua kikuu hutolewa mara mtoto azaliwapo, ilhali sisi huwapa watoto wetu majina na kuwafanyia akika siku ya saba. Mtoto akapata jina, lakini kadi haikurudishwa kliniki ikaandikwe. Miaka 19 baadaye, pasipoti ina majina matatu na kadi haina hata moja. Mgeni aliye ng'ambo atajuaje kwamba hao ni mtu mmoja?

Kasoro ya pili ni umri. Nchini mwetu chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ndivyo inavyopasa, kwani surua huku huwawahi watoto wachanga. Ila Marekani haihesabu chanjo ya surua iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Huhesabu dozi mbili baada ya umri huo, zikiwa zimeachana kwa siku zisizopungua 28. Binti yetu alichanjwa tena katika kampeni ya kitaifa ya surua na rubela ya Oktoba 2014, alipokuwa shule ya msingi. Yeye mwenyewe anaikumbuka foleni ile. Lakini hapakuwa na karatasi nyumbani inayothibitisha, na kumbukumbu ya kichwani haipigwi muhuri.

Kasoro ya tatu ni matumbwitumbwi. Vyuo vya Marekani hutaka chanjo moja inayokinga magonjwa matatu: surua, matumbwitumbwi na rubela. Kliniki zetu za watoto hutoa ya surua na rubela. Ya matumbwitumbwi haimo katika ratiba ya taifa. Chanjo hiyo ya magonjwa matatu mtu huitafuta katika hospitali binafsi za miji mikubwa, na huilipia.

Sasa nitasema jambo ambalo ningependa kulificha. Siku ile tulipokuwa tumekaa barazani tukihesabu siku na fedha, akaja mtu wa kujuana naye, akasema kwa sauti ya chini kwamba yupo anayeweza kuijaza kadi mpya yote, tarehe na mihuri, kwa fedha pungufu ya nauli ya kwenda Mwanza na kurudi. Shemeji yangu alinitazama. Mimi, ninayeandika kila wiki katika ukurasa huu kuhusu malezi, nilinyamaza. Nilikuwa nikiwaza ng'ombe wawili waliokwisha kuuzwa.

Aliyezungumza ni binti. Alisema: "Mjomba, ninayelala naye chumba kimoja akiugua surua kwa sababu yangu, nitamwambia nini?"

Swali hilo lilitosha. Kadi ya kughushi ni ushahidi wa uongo, na tunajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyouhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa. Tena si uongo wa karatasi tu. Surua husambaa kwa hewa kuliko karibu maradhi yote tunayoyajua, na bweni ni mahali ambapo mamia ya vijana hulala, hula na kusoma pamoja. Mwenye kadi ya kununua hana kinga, ana wino. Na akigunduliwa, hupoteza nafasi ya chuo pamoja na heshima ya waombaji watakaomfuata kutoka kwao.

Basi aliuzwa mtamba mmoja zaidi. Musoma hatukuipata chanjo ile. Tuliipata Mwanza siku ya pili ya kutafuta. Daktari alituondolea hofu kwamba kuchanjwa tena mtu aliyekwisha kuchanjwa surua hakumdhuru. Siku hiyohiyo alichukuliwa damu ya kupimwa kifua kikuu, kwa maana vyuo vingi vya Marekani hudai kipimo hicho kwa wanafunzi watokao nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi. Faida ya kipimo cha damu ni kwamba kile cha ngozi huweza kumwonesha mtu kuwa na vijidudu kwa sababu tu ya chanjo ya utotoni, ile iliyoacha kovu dogo juu ya mkono. Dozi ya pili ya surua haikuweza kutolewa kabla ya safari, kwa kuwa siku 28 hazikuwa zimetimia. Binti akaiandikia ofisi ya afya ya chuo, akaeleza hali ilivyo bila kuficha. Wakamjibu kwamba aje na uthibitisho wa dozi ya kwanza, ya pili atapata hukohuko. Barua moja ya kweli ilifanya kazi ambayo muhuri wa uongo usingeifanya.

Kila nchi ina mlango wake, hivyo mzazi asidhani kwamba habari ya Marekani inatosha. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda pale Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, hupanda basi tu akapita Sirari na kuivuka Kenya. Hata hivyo Uganda hudai cheti cha homa ya manjano kwa wasafiri wanaoingia. Anayekwenda kusoma Saudi Arabia na kutia nia ya Umra au Hija ajue sharti la chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo hutolewa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Mahujaji wetu wanalifahamu sharti hilo, lililowekwa baada ya mlipuko wa mwaka 1987 wakati wa Hija. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu hapa nchini, katika kituo kinachotambuliwa na nchi hiyo, kabla ya kuomba viza.

Liko na jambo la watu wa mpakani. Wengi wa Tarime huona ni karibu zaidi kupandia ndege Nairobi kuliko Dar es Salaam. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na ziko nchi zinazomdai cheti msafiri aliyetokea huko. Tanzania nayo humdai anayerejea. Ni busara basi kuwa na kitabu cha njano hata kama chuo hakikukitaja. Cheti hicho huanza kufaa siku 10 baada ya kuchomwa sindano, na tangu Julai 11, 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho. Ulizeni katika ofisi ya afya ya mpakani au hospitali ya wilaya, mwelekezwe kituo kilichoidhinishwa.

Hesabu ya siku ndiyo inayowaangusha wengi. Chanjo ya homa ya ini B, ikianzwa upya kwa mtu mzima, kwa kawaida ni dozi tatu zinazochukua miezi 6. Ile ya homa ya manjano na ile ya surua hutolewa siku moja, au huachanishwa kwa wiki nne. Kwa hiyo siku ya kuanza ni ile kijana anapotuma maombi ya chuo, hata kabla hajajibiwa. Mwenye mimba, mwenye kinga dhaifu au anayedhurika kwa mayai amweleze daktari kabla ya sindano.

Wazazi huuliza pia kuhusu hukumu. Kuhusu sindano mchana wa Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano ya tiba isiyo ya lishe haifunguzi. Kuhusu jelatini ya nguruwe iliyomo katika baadhi ya chanjo, wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona kwamba kitu kilichobadilika kabisa dhati yake hubadilika na hukumu yake. Asiyetulia moyo kwa hilo ajue kwamba zipo chanjo za surua zisizo na jelatini hiyo. Amwombe daktari, na amrejee sheikh wake.

Na anayesema kwamba kinga ni ya Allah peke yake amesema kweli, lakini na akumbuke safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham. Alipopata habari ya tauni alirudi na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Awf (r.a.) akamthibitishia kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia penye tauni na kutoka mahali ilipo kwa kuikimbia. Kujali afya ya nchi unayoiendea ni katika adabu zetu za kale.

Enyi akina mama wenye watoto wachanga, wa Tarime, Mugumu, Nyamongo na kwingineko: wiki hii itoeni kadi ya mtoto. Ikiwa bado inasema "Mtoto wa", irudisheni kliniki pamoja na cheti cha kuzaliwa, iandikwe jina lake kamili, lilingane herufi kwa herufi. Ipigeni picha, mtoe na nakala. Chanjo za shuleni na za kampeni nazo, ikiwamo ya saratani ya mlango wa kizazi iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini mwaka 2018, ziombeeni karatasi na muiweke pamoja na kadi.

Binti yetu alitupigia simu baada ya mwezi mmoja. Dozi ya pili ameipata na masomo ameanza. Dada yangu alipokata simu alilifungua lile kopo la biskuti, akatoa kadi ya mtoto wake wa mwisho, akaisoma mstari wa juu, kisha akajifunga kanga na kushika njia ya kliniki.

Wabillahi tawfiq.