Mng'aro wa Motokari: Bandu Bandu Huisha Gogo



Tangu mwezi wa tano hata wa tisa, mvua inapokoma katika nchi ya Haut-Lomami, vumbi jekundu huwa mgeni wa kila nyumba. Motokari iliyotoka Sanga kwenda Kamina mjini hufika imegeuka rangi. Mwenyewe hutwaa kitambaa kikavu, akaipangusa upesi ili ionekane safi. Baada ya miaka michache, jua likiipiga boneti, twaona mistari midogo isiyohesabika, imezungukana kama utando wa buibui. Hapo ndipo huitwa kijana mwenye mashine ya kung'arisha.

Kazi hiyo yawavuta vijana wengi, maana haitaki karakana kubwa wala vyombo vingi. Ni kazi halali, nayo yaweza kumlisha mtu. Lakini anayeianza yampasa kujua kwanza neno moja, ambalo asipolijua ataharibu mali ya watu: mashine haiongezi kitu juu ya motokari, bali huondoa.

Tuitazame rangi yenyewe. Juu ya bati hupakwa rangi ya kwanza, ya kuzuia kutu na kushikia. Juu yake huja rangi tunayoiona, nyeupe au nyekundu au buluu. Na juu kabisa, katika motokari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980, kuna vanishi isiyo na rangi, inayopitisha nuru kama kioo. Tabaka hizo zote pamoja unene wake ni kama mikroni 100 hadi 150, nazo mikroni 1000 ndizo zifanyazo milimita 1. Vanishi peke yake ni kama mikroni 40 au 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa.

Mkwaruzo ni bonde dogo lililochimbwa katika vanishi hiyo. Nuru ikilipiga hutawanyika, na jicho huona mstari. Dawa ya kung'arisha ina chembe ndogo sana za kusugua. Mashine huzizungusha mpaka kingo za bonde zishuke usawa na chini yake, na hapo nuru hurudi vema. Kwa hiyo kila mng'aro umelipiwa kwa vanishi. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Na gogo hili likiisha, hakuna dawa ya kulirudisha, ila kupiga rangi upya kwa gharama kubwa. Hata ikipunguzwa tu kupita kiasi, vanishi hushindwa na jua mapema, ikafifia na kubanduka.

Tena motokari nyingi za kwetu zimetumika kwanza katika nchi nyingine. Hatujui ni mafundi wangapi wamekwisha kuzisugua, wala mlango upi umepigwa rangi mara ya pili. Kipo chombo cha kupimia unene wa rangi. Asiye nacho na afanye kazi kana kwamba vanishi imebaki kidogo.

Sasa tuje kwenye kazi. Ya kwanza ni kuosha, wala si jambo dogo. Vumbi letu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo; anayelipangusa kavu anapiga msasa bila kujua. Mwaga maji mengi kwanza ili vumbi lianguke lenyewe. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sifongo, ukianzia juu kwenda chini. Gari likikauka, pitisha kiganja juu ya bati. Ukihisi ukwaruukwaru, kuna kitu kimeshika: lami, utomvu, au unga wa chuma utokao katika breki za magari na za treni, ambao si mgeni Kamina, njia panda ya reli za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo. Huo huondolewa kwa udongo laini uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ukiteleza juu ya maji ya sabuni.

Ya pili ni kivuli. Bati lenye moto wa jua hukausha dawa kabla haijafanya kazi. Fanya kazi chini ya paa, wala si chini ya mwembe unaodondosha majani na utomvu.

Ya tatu ni kuchagua mashine. Ziko za namna mbili. Moja huzungusha sifongo mahali pamoja kama jiwe la kunolea. Ina nguvu nyingi, lakini mkono usiozoea huacha nayo alama za mizunguko, na ikisimama mahali pamoja huunguza vanishi. Nyingine huzungusha sifongo na papo hapo huiyumbisha huku na huku. Hii ukiigandamiza mno hupunguza mzunguko, hata huacha kuzunguka, kwa hiyo humvumilia anayejifunza. Anayeanza na aanze na hii ya pili.

Ya nne ni kujaribu mahali padogo kabla ya kugusa gari zima. Bandika karatasi ya gundi juu ya kingo na vipande vya plastiki, kisha pima mraba wa sentimita 50 kila upande. Chagua sifongo laini na dawa isiyo kali. Tia matone 3 au 4, kila moja kama punje ya njegere. Sifongo mpya huhitaji zaidi kidogo. Paka dawa kwa mwendo mdogo wa mashine, kisha ongeza mwendo, ukiisogeza polepole kama sentimita 3 kwa sekunde. Kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Kwenda kwa urefu, kisha kwa upana, mara 4 hivi. Pangusa kwa kitambaa laini kilicho safi, kisha pangusa tena kwa alkoholi iliyochanganywa na maji, maana mafuta ya dawa huijaza mistari na kumdanganya fundi. Mulika kwa tochi. Ikiwa inatosha, basi. Ikiwa haitoshi, panda ngazi moja tu. Dawa kali ni ya mwisho.

Jihadhari na kingo na mikunjo ya bati, maana huko rangi ni nyembamba zaidi. Washa na kuzima mashine sifongo ikiwa imegusa bati. Waya na uupitishe begani usikwaruze gari. Sifongo ikianguka katika vumbi, usiirudishe mpaka imeoshwa. Na ukiona rangi ya gari juu ya sifongo, simama mara moja: ama gari hilo ni la namna ya zamani lisilo na vanishi, ama vanishi imekwisha.

Mahali pa kujifunza ni boneti kuukuu kutoka kwa wauza vyuma, si gari la jirani. Isugue makusudi mpaka mwisho, upate kuona kwa macho yako jinsi mwisho ulivyo karibu.

Liko pia jambo la ulimi. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa kina, mara nyingi umekwisha kupita vanishi. Mwenye gari hutaka uondoke, na kijana mwenye njaa ya fedha huogopa kumkatalia. Lakini na aseme kwa heshima, "Baba, mstari huu umeingia ndani. Naweza kuufifisha, ila nikiufuata mpaka mwisho nitaharibu rangi yako." Huenda baba huyo akanuna siku ile. Yule aliyeahidi kila kitu ndiye atakayedaiwa bei ya rangi mpya, naye hana.

Kazi ikiisha, paka nta ya kulinda, kisha mfundishe mwenye gari kumwaga maji kabla ya kupangusa. Akishika hilo, hatakuita upesi, na vanishi yake itadumu miaka mingi. Tena mtu wa namna hiyo ndiye awatumaye wenziwe kwako.