Chunusi si ushahidi wa tabia

Mtoto akitokwa na chunusi katika mitaa yetu ya Eastlands, hakosi mshauri. Mama mboga atamwambia aache njugu karanga. Kinyozi atamwambia ajipake spiriti. Jirani wa plotini atasema ni damu chafu. Na shangazi aliyekuja kutoka mashambani atamtazama kwa jicho la pembeni, kisha amuulize mamake kwa sauti ya chini kama ana hakika msichana huyo anajitunza. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Mimi nauza dawa Kayole, hatua chache kutoka steji ya Masimba, na kabla ya hapo niliuza Umoja, upande wa soko la Mutindwa. Shule zikifungwa, watoto wa chunusi ndio wateja wangu. Likizo moja ya Agosti mama aliingia na bintiye wa kidato cha pili, akamsogeza hadi kwenye kaunta, wateja wengine wakiwa wamesimama papo hapo. "Daktari," akasema, "huyu ameanza mambo ya watu wazima. Mwangalie uso." Msichana alivuta kofia ya sweta hadi machoni. Niliwaomba waingie chumba cha nyuma, nikamweleza mama yale ninayotaka kuyaeleza hapa. Alinisikiliza kwa adabu, lakini hukumu ilikuwa imeshatolewa nyumbani kabla hawajapanda matatu.

Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo kuna tezi ndogondogo zinazotengeneza mafuta. Mtoto akibalehe, awe mvulana au msichana, mwili wake huanza kutoa kwa wingi homoni za kundi la androjeni, na homoni hizo huzifanya tezi ziongeze mafuta. Wakati huohuo seli za ngozi zilizokufa hushikamana kwenye mdomo wa kinyweleo badala ya kupukutika. Njia inaziba, mafuta yanajaa nyuma yake, na bakteria waitwao Cutibacterium acnes, ambao wanaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, wanazaana humo. Mwili ukianza kupigana nao, pale panavimba, panauma, pengine panatunga usaha. Nani atapata chache na nani atajaa uso mzima ni jambo linalotegemea sana urithi. Mara nyingi mzazi anayemshutumu mtoto ana makovu yaleyale mashavuni mwake. Katika mlolongo huo wote ngono haiingii popote, wala kuwaza ngono, wala kujichua, wala kukosa mume.

Najua imani hiyo ilikotoka. Chunusi na hamu ya mapenzi huja katika umri mmoja kwa sababu balehe ndiyo inayoleta vyote viwili. Watu wakaviona vinaandamana, wakadhani kimoja kimezaa kingine. Ndiyo maana kijana wa miaka 25 bado anaambiwa "ukioa zitaisha", na msichana anaambiwa "ukizaa zitaisha". Wapo wanawake wanaopata nafuu wakiwa wajawazito, na wapo ambao miezi hiyohiyo huwazidishia. Kuzaa hakujawahi kuwa tiba ya ngozi, na ni jambo la kutisha kumwambia hivyo binti wa miaka 17.

Kuna jambo moja la homoni ambalo wanawake wa mtaani wanalisema na wana haki. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na kipandikizi cha mkononi vina homoni ya aina ya projestini peke yake, na kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi. Vidonge vyenye estrojeni pamoja na projestini aghalabu huzipunguza. Mwanamke akiniambia zilianza baada ya kuwekewa kipandikizi, simbishii. Namwomba arudi kliniki wajadiliane njia nyingine, asije akaacha kupanga uzazi kwa sababu ya uso. Na yule mwenye chunusi za kidevuni, hedhi inayoruka miezi na nywele zinazoota mahali pa ndevu, huyo anahitaji kupimwa homoni hospitalini. Krimu pekee haitamfaa.

Damu chafu nitaipita haraka. Watu huniomba dawa ya minyoo ili kusafisha damu, au hunywa mwarobaini asubuhi hadi tumbo linakataa. Damu husafishwa na figo na ini kila dakika, na chunusi hazihusiani na usafi wake. Wengine huona uchafu ni wa nje, wakasugua uso kwa sabuni ya kipande mara nne kwa siku. Zile nukta nyeusi za puani ni mafuta na seli zilizogeuka rangi kwa kukutana na hewa. Hata ukisugua hadi ngozi ikwaruzike, zinabaki. Kunawa asubuhi na jioni kwa sabuni laini kunatosha. Maji ya visima tunayonunua kwa mitungi mifereji ikikauka yana chumvi na hukausha ngozi, lakini hayo pia siyo yanayozitia tezi kazi.

Chakula kinataka subira zaidi, maana hapa sayansi yenyewe imebadilika. Mwaka wa 1969 madaktari James Fulton, Gerd Plewig na Albert Kligman walichapisha utafiti wa watu 65 waliolishwa chokoleti, wakasema haikuongeza chunusi. Kwa miaka mingi vitabu vikafuata hapo: chakula hakihusiki. Baadaye wenzao walionyesha kasoro kubwa, kwamba kile kipande bandia walichopewa kwa kulinganisha kilikuwa na mafuta na sukari karibu sawa na chokoleti. Mwaka wa 2002 Loren Cordain na wenzake wakaeleza kuhusu watu wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Walichunguza watu 1,200 wasione hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao hula viazi vya aina mbalimbali, matunda, samaki na nazi, na karibu hawagusi sukari na unga wa viwandani. Nazi ina mafuta tele. Kwa hiyo mimi nimeziachilia huru njugu na parachichi zetu. Hakuna ushahidi wa maana dhidi yake. Ninavyovitilia shaka ni soda, mkate mweupe na maandazi ya kila asubuhi, kwa sababu vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa kasi hupandisha insulini, na insulini huzichochea homoni zilezile. Maziwa nayo yana ushahidi kiasi. Kupunguza vitu hivyo kunaweza kumsaidia kijana, lakini asiambiwe kwamba amejiletea mwenyewe kwa ulafi. Na chipsi? Anayekaanga, aliyesimama kutwa mbele ya karai mvuke wa mafuta ukimpiga usoni, yuko katika hatari zaidi kuliko anayezila.

Mafuta ya nywele yanastahili kutajwa zaidi kuliko njugu. Mwaka wa 1970 Plewig, Fulton na Kligman walieleza aina ya chunusi waliyoikuta kwa wanaume weusi wa Marekani waliopaka mafuta mazito kichwani: vipele vingi vidogo kwenye paji la uso na pembeni mwa macho. Ninaviona kila wiki kwa wasichana waliosukwa. Mafuta yanashuka na jasho, yanaziba. Apake ngozi ya kichwa tu, kidogo, na usiku afunge kitambaa safi. Wavulana wenye vipele shingoni na kisogoni baada ya kunyoa wana ugonjwa mwingine kabisa, wa nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hao wasinyolewe kipara hadi vipele vitulie, na spiriti ya kinyozi haiwasaidii.

Sasa nifike kwenye madhara ninayoyaona. Mtoto aliyeaibishwa ana haraka. Anataka uso ubadilike kabla ya shule kufunguliwa, na aibu humfanya ajaribu chochote. Dawa ya meno humchoma. Limau humchoma zaidi, na akitoka juani na maji ya limau usoni, jua humwachia doa jeusi la miezi. Mkojo wa asubuhi, nimesikia huo pia, humwongezea vijidudu na fedheha. Akitumbua kwa kucha, usaha hupenya ndani zaidi, na katika ngozi nyeusi kama yetu kila kidonda kidogo huacha weusi unaodumu kuliko chunusi yenyewe.

Lakini hizo zote ni ndogo mbele ya krimu za steroidi. Betamethasoni na klobetasoli ni dawa nzuri kwa magonjwa yake. Ukizipaka kwenye chunusi, uvimbe hutulia kwa siku chache, uso hung'aa, na msichana huwaambia wenzake wote bwenini. Baada ya wiki kadhaa chunusi hurudi, mara hii ni vipele vingi vya saizi moja, vyekundu, vinavyowasha, na akiacha kupaka vinalipuka. Anarudi kununua tena. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana mashavuni, nywele zinaota pasipo na nywele. Nimewaona wasichana wa miaka 16 ambao ngozi yao inachomwa hata na maji ya kawaida. Zipo pia zile krimu za tatu kwa moja, steroidi pamoja na dawa ya bakteria na ya fangasi, ambazo mtaani zimekuwa jibu la kila kipele kuanzia nepi ya mtoto hadi paji la uso la babu.

Na zipo krimu za kuchanganya, zinazouzwa kwa vikopo visivyo na karatasi ya maelezo, mkononi, saluni au kwa simu. Muuzaji hasemi kilichomo. Shirika la viwango la KEBS limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bidhaa hizo bado zinapenya. Zebaki hupita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na humfikia hata mtoto mchanga anayebebwa na mama aliyejipaka. Kikopo kikikuonya usiguse vito vya dhahabu, fedha au alumini baada ya kupaka, kitupe.

Kinachofaa kipo na si siri. Jeli ya benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5 huua bakteria na kufungua njia. Ipakwe nyembamba, usiku, kwanza kila baada ya siku moja hadi ngozi izoee, na foronya iwe nyeupe kwa sababu dawa hii hutoa rangi ya nguo. Adapalini hufungua vinyweleo, ila asiitumie mwanamke mjamzito. Chunusi zenye usaha mwingi huhitaji vidonge kama doksisaiklini, vya kuandikiwa na daktari na kwa muda maalumu, vikiambatana na jeli ili bakteria wasije wakawa sugu. Zile kubwa zenye vinundu vinavyoacha mashimo ni za daktari wa ngozi moja kwa moja, kwa kuwa isotretinoini inayozitibu hulemaza mtoto tumboni na haifai kuguswa bila usimamizi.

Dawa hizi zote hazina haraka. Wiki sita hadi nane ndipo utaona mabadiliko, kumi na mbili ndipo utahukumu. Hapo ndipo aibu inapomshinda mtoto. Krimu ya steroidi inamwahidi Ijumaa hii; mimi namwahidi mwisho wa muhula. Nyumbani wakimcheka kila asubuhi, atachagua Ijumaa, na lawama haitakuwa yake peke yake.

Madaktari wa ngozi ni wachache, hilo nakubali, na foleni ya kliniki ya ngozi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta inajulikana. Lakini tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika. Kaunti yetu inaweza kuwa na mmoja kama huyo katika kila kituo kikubwa cha afya cha Eastlands. Watoto hawa hawahitaji hospitali ya rufaa. Wanahitaji mtu anayejua tofauti ya chunusi na upele, aliye umbali wa kutembea.

Kwa wenzangu wa kaunta, kuanzia Dandora hadi Donholm: klobetasoli ni dawa ya cheti, nasi tunajua. Msichana akija na noti mkononi akiitaja kwa jina, tumkatalie, tumweleze kwa nini, tumpe kinachofaa hata kama faida yake ni ndogo. Wapo wanaokataa tayari, na mteja huwaondokea akaenda duka la pili. Tukikataa sote hatakuwa na duka la pili, na Bodi ya Dawa na Sumu ikipita mtaani itusaidie katika hilo.

Nanyi wazazi, acheni kupekua mikoba ya watoto kwa sababu ya paji la uso. Ukitaka kuzungumza na bintiyo kuhusu wavulana, zungumza naye, ni wajibu wako, lakini uso wake usiutie katika mazungumzo hayo. Mpeleke kwa mhudumu wa afya, mnunulie jeli, na kwa miezi mitatu hiyo pale mezani pasitajwe chunusi.