Mwandishi Uhamishoni, Msomaji Nyumbani: Lugha, Mitandao ya Kijamii na Hatari Inayorudi Kagera

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu waandishi wa habari wanaoishi uhamishoni, swali linaloulizwa mara nyingi ni kama mwandishi mwenyewe yu salama. Swali hilo ni la haki. Tarehe 12 Januari 2025, Maria Sarungi Tsehai, mmiliki wa Kwanza TV na mkosoaji wa Serikali ya Tanzania anayeishi Kenya, alitekwa na watu wenye silaha jijini Nairobi, akaachiwa saa chache baadaye. Alipozungumza na waandishi wa habari alieleza kwamba anaamini watekaji walitaka kuingia katika simu yake na katika kurasa zake za mitandao ya kijamii.

Maelezo hayo yanastahili uzito kuliko yalivyopewa. Simu ya mtu anayepokea habari kutoka nyumbani si mali yake peke yake. Ndani yake mna majina, sauti na maneno ya watu ambao hawakuvuka mpaka wowote, hawakupewa hifadhi na serikali yoyote, na ambao hakuna chama cha waandishi kitakachotoa tamko kwa ajili yao wakikamatwa.

Makala haya yanatetea hoja kwamba hatari kubwa zaidi ya mitandao ya kijamii kwa mwandishi aliye uhamishoni si ile inayomfuata aliko, bali ile inayorudi nyumbani. Na kwamba mojawapo ya njia zake kuu za kurudi ni lugha yenyewe. Kwa hiyo suala hili si la wanasheria na mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la wanaisimu pia. Mifano inatolewa hasa katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu huko uandishi, uraia na lugha vimekutana kwa namna iliyo wazi.

2.0 Kagera, Uraia na Kalamu

Kagera ni mkoa wa mpakani, unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Lugha ya Kihaya ina undugu wa karibu na Kinyankore, Kikiga na Kinyoro, kiasi kwamba wasemaji wake huelewana kwa sehemu kubwa. Majina nayo hayakuheshimu mpaka uliochorwa na wakoloni: Kato, Nyakato, Mugisha na Byarugaba ni majina yanayopatikana pande zote mbili. Kwa mwanaisimu huo ni ushahidi wa historia ya pamoja. Kwa ofisa anayetafuta kosa, unaweza kuwa mwanzo wa jalada.

Historia inathibitisha. Mwezi Februari 2001 Serikali ilitangaza kwamba watu wanne hawakuwa raia wa Tanzania. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji mashuhuri, mzaliwa wa Ngara. Mwingine alikuwa Anatoli Amani, kiongozi wa CCM mkoani Kagera, ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa Bukoba. Tangu wakati huo neno "si raia" limebaki kama upanga unaoning'inia juu ya kalamu, hasa kalamu ya mtu wa mpakani.

Upanga huo ulionekana tena tarehe 29 Julai 2019 alipokamatwa Erick Kabendera, mwandishi ambaye kwao ni Bukoba, na ambaye aliyaandikia magazeti ya nje, likiwemo The Economist ambalo kwa kawaida halitaji majina ya waandishi wake. Maelezo ya kwanza ya polisi yalihusu uraia wake. Siku chache baadaye akafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uhujumu uchumi. Mama yake, ambaye alikuwa ameonekana katika video iliyosambaa mitandaoni akimsihi Rais John Magufuli amwachie mwanawe, alifariki tarehe 31 Desemba 2019 mwana akiwa bado mahabusu. Ombi la kwenda kumuaga lilikataliwa. Kabendera aliachiwa tarehe 24 Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka, na baadaye akahamia Uingereza.

Mfano wa pili ni Ansbert Ngurumo, aliyekuwa mhariri katika gazeti la Tanzania Daima na ambaye mwaka 2015 aligombea ubunge wa Muleba Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Aliondoka nchini mwaka 2017, mwaka ambao gazeti la MwanaHALISI lilifungiwa na mwandishi Azory Gwanda akatoweka Kibiti. Hatimaye alipata hifadhi Finland, na kutoka huko ameendelea kuwaandikia Watanzania kwa Kiswahili kupitia mtandao wa Sauti Kubwa.

Watu hawa wawili wako mbali kwa miili, lakini hadhira yao, jamaa zao na lugha zao zimebaki nyumbani. Ndiyo maana swali la usalama haliwezi kuishia Helsinki au London.

3.0 Jinsi Lugha Inavyomtaja Mtu Asiyetajwa

Wanaisimu wamejua kwa muda mrefu kwamba matini humtambulisha aliyeitunga. Mwaka 1968 Jan Svartvik alichambua maelezo yaliyodaiwa kutolewa polisi na Timothy Evans, aliyenyongwa Uingereza mwaka 1950, akaonyesha kwamba maelezo hayo hayakuwa na mtindo mmoja. Nchini Marekani, Theodore Kaczynski, aliyekuwa akituma mabomu kwa posta, alikamatwa mwaka 1996 baada ya ndugu yake kuutambua mtindo wake katika andiko lililochapishwa gazetini. Yafaa kuzingatia kwamba aliyeutambua mtindo huo kwanza hakuwa mtaalamu. Alikuwa mtu wa nyumbani.

Hapo ndipo penye uzito kwa Muleba. Tuseme mtu aliyehudhuria kikao cha kijiji huko Nshamba anamtumia mwandishi aliye ng'ambo ujumbe wa sauti kuhusu fedha za kahawa. Mwandishi analificha jina, lakini anainukuu kauli yenyewe, pamoja na methali ya Kihaya iliyomo, kwa sababu ndiyo inayoifanya habari iwe na ladha na ukweli. Msomaji wa Dar es Salaam haoni chochote zaidi ya methali. Msomaji wa Nshamba anamwona mzee fulani, mahali alipoketi na namna alivyokohoa kabla ya kusema. Jina limefutwa, mtu amebaki.

Alama za namna hii ni nyingi. Kuna lafudhi, ambayo katika ujumbe wa sauti haifichiki. Kuna kuchanganya Kihaya na Kiswahili, na hata msamiati wa Kihangiro unaotofautiana na ule wa Kiziba. Kuna namna za kuamkiana zinazoonyesha umri na cheo cha anayezungumza. Kuna tahajia za mtu binafsi, alama zake za mshangao, na vifupisho alivyovizoea. Aidha, kuna jambo lisilo la mtindo bali la maana: mambo ambayo watu wachache tu wangeweza kuyajua. Kikao kikiwa na watu kumi na wawili, sentensi moja sahihi inatosha kuwapunguza hadi watatu.

Hapa panazuka mgongano wa kweli. Mambo mahsusi ndiyo yanayoifanya habari iaminike. Mambo hayohayo ndiyo yanayomfichua aliyeitoa. Mhariri wa gazeti la zamani alikuwa na usiku mzima wa kupima. Mwandishi wa mtandaoni ana dakika chache, na nyuma yake kuna hadhira inayodai nukuu, picha na sauti halisi kama uthibitisho. Kila anapothibitisha, anamsogeza mtu karibu na mlango wa polisi.

Nje ya Afrika Mashariki somo hili limelipiwa kwa gharama kubwa. Omar Abdulaziz, mkosoaji wa utawala wa Saudi Arabia anayeishi Kanada, aligundua mwaka 2018 kupitia watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto kwamba simu yake ilikuwa imepandikizwa programu ya ujasusi. Yeye mwenyewe alikuwa Kanada. Waliokamatwa walikuwa ndugu zake na rafiki zake huko Saudi Arabia. Na miongoni mwa aliokuwa akiwasiliana nao ni Jamal Khashoggi, aliyeuawa Istanbul mwezi Oktoba mwaka huohuo.

4.0 Msomaji Aliyefanywa Mchapishaji

Njia ya pili ya hatari kurudi nyumbani ni kitenzi "kuchapisha". Katika matumizi ya kawaida mchapishaji ni mwenye mtambo wa uchapaji, au walau mwenye gazeti. Mtandaoni, mwanya kati ya kusoma na kuchapisha umezibwa na kidole kimoja. Mkulima wa Kamachumu anayepokea andiko kutoka Finland na kulituma katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo anaamini kwamba amesoma na kuwasomesha wengine. Sheria inaweza kumwona kuwa amesambaza.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo au za kupotosha kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwandishi aliye ng'ambo hafikiki kwa urahisi na mkono wa sheria hiyo. Anayefikika ni msomaji wake, ambaye laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Na nani anaamua kwamba taarifa ni ya uongo? Kagera yenyewe imetoa jibu linalofundisha. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kulikuwa na wagonjwa walioshukiwa kuwa na virusi vya Marburg katika wilaya za Biharamulo na Muleba. Wizara ya Afya ilijibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba sampuli moja kutoka Biharamulo imethibitika. Mtu wa Muleba ambaye katikati ya wiki ile angewatahadharisha jirani zake kwa kusambaza habari iliyotoka nje angeweza kuitwa mzushi siku ya Ijumaa, na siku ya Jumatatu akawa mtu mwenye busara. Neno "uzushi" halikubadilika maana. Kilichobadilika ni tamko rasmi. Katika mkoa uliokwisha kupatwa na Marburg mwezi Machi 2023, wilayani Bukoba, siku sita si muda mdogo.

5.0 Hoja za Upande wa Pili

Wako wanaosema kwamba aliyeondoka angenyamaza, awaachie walio nyumbani wasemee mambo yao. Hoja hii ina ubinadamu ndani yake, lakini inasahau kwamba nyumbani penyewe milango imefungwa. Mtandao wa X umezuiwa nchini tangu Mei 2025, na katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kumnyamazisha aliye nje hakumpi sauti aliye ndani.

Wengine husema, na kwa haki, kwamba baadhi ya walio nje huandika matusi na mambo yasiyothibitishwa kwa kuwa wanajua hawatakamatwa. Hilo halikanushiki. Usalama wa mbali huweza kumfanya mtu awe jasiri kwa shingo ya mwingine. Lakini tiba yake si kifungu kinachomfunga msomaji. Tiba yake ni maadili ya uandishi yanayoanza na swali: nikiandika neno hili, nani atalilipia?

6.0 Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, mwandishi aliye uhamishoni hana budi kuhariri kwa macho ya adui aliye jirani, si kwa macho ya msomaji aliye mbali. Sauti halisi isirushwe. Kauli ya mtoa habari iandikwe upya kwa Kiswahili sanifu. Methali iliyomo iachwe hata kama ni nzuri. Habari itapungua utamu. Mtu atabaki nyumbani kwake.

Pili, sheria itenganishe mtunzi wa uongo wa makusudi na msomaji aliyeamini alichosoma, na isilichukue tamko rasmi la siku hiyo kuwa kipimo pekee cha ukweli.

Tatu, na hili linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, idara za Kiswahili na isimu hazina budi kusema hadharani mipaka ya taaluma yao. Ufanano wa lafudhi si uthibitisho wa utunzi. Jina linalosikika Mbarara si uthibitisho wa uraia wa Uganda. Mtaalamu atakayeitwa kutamka kwamba andiko fulani lisilo na jina "lina Kihaya cha Muleba" ajue kwamba anaweza kuwa anataja ukoo mzima, na ajue pia kwamba sayansi yake, kwa matini fupi za mtandaoni, haimruhusu kuwa na hakika hiyo. Kukataa kusema zaidi ya kinachojulikana ni sehemu ya usomi. Bukoba na Muleba, ambako jina la mtu tayari limewahi kutosha kumtilia shaka, kukataa huko kunaweza kuwa ndiyo kinga pekee aliyonayo mtu ambaye kosa lake ni kupokea ujumbe.