Gari la Umeme na Njia ya Sikonge

Wapo wanaotaka magari yote ya Serikali yawe ya umeme mara moja. Kwa Unguja, kisiwa kisichozidi kilomita 90 kwa urefu, tunaafiki: uniti zipatazo 18 humfikisha dereva kilomita 100, kwa gharama pungufu ya nusu ya lita 8 za petroli. (Wala hatujasahau umeme wa Bara ulivyokatika Desemba 2009, ukarejea Machi 2010.)

Lakini wenzetu wa Sikonge? Kutoka Tabora hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa msitu. Gari la wagonjwa likiishiwa chaji Ipole, nani atalisukuma? Huko lipelekwe gari mseto, la petroli na umeme pamoja, japo akiba yake ya mafuta huonekana zaidi mjini kuliko safarini. Vituo vya kuchajia vijengwe kwanza Tabora, Sikonge na Inyonga, ndipo waraka wa ununuzi utolewe.