Miaka Haiufanyi Mgodi wa Makaa Kuwa Salama

Popote penye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe, kauli ni ile ile: mgodi ulifungwa enzi za mababu, cha kuanguka kimeshaanguka. Dalali huitumia kuuzia nyumba, kampuni huitumia kukataa dai la fidia, na mwenye nyumba naye huishikilia kwa sababu inampa usingizi. Kauli hiyo si kweli, na imewagharimu watu nyumba na uhai.

Desemba 2024, huko Unity Township, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, ardhi ilifunguka ghafla. Tundu lenyewe lilikaribia ukubwa wa mfuniko wa chemba ya maji taka. Chini yake palikuwa na mgodi uliofungwa mwaka 1952. Mkazi mmoja alitumbukia, na waokoaji walihangaika kwa siku kadhaa kabla ya kuupata mwili wake. Miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita, na ardhi haikuwa imetulia.

Imani hii kwamba mgodi wa zamani umeshatulia ina chanzo chake. Katika uchimbaji wa kisasa, mashine hukwangua tabaka zima la makaa na paa likaachwa liporomoke nyuma yake. Juu, ardhi hutitia ndani ya miezi au miaka michache, kisha kwa sehemu kubwa mambo huisha. Lakini wachimbaji wa zamani hawakufanya hivyo. Walichonga vyumba na kuacha nguzo za makaa kushikilia paa. Mgodi ukifungwa, nguzo hizo huendelea kumeguka, magogo huoza, na mawe ya paa hudondoka tabaka baada ya tabaka, uwazi ukipanda juu kidogo kidogo. Mgodi ukiwa na kina kirefu, kifusi huchukua nafasi kubwa kuliko mwamba uliokuwa mzima, hujaza uwazi, na mporomoko hukwama njiani. Ukiwa na kina cha meta chache tu, uwazi hufika uani kwa mtu. Ongeza maji yanayopanda baada ya pampu kuzimwa, yakilainisha nguzo. Kwa mgodi wa namna hii, kila mwaka unaopita ni mwaka wa nguzo kudhoofika.

Wajerumani wanalijua hilo. Januari 2000, mtaani Höntrop huko Wattenscheid, mji wa Bochum, shimo kubwa lilimeza gereji pamoja na magari. Mgodi wa hapo ulifungwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa mtazame mwenye nyumba pale ufa unapojitokeza. Unapanda kwenye ukuta kwa kufuata viungo vya matofali, mlango wa jikoni unagoma kufunga, sakafu inainamia upande mmoja. Anaita mkaguzi. Anaambiwa ni udongo wa mfinyanzi uliokauka, au mizizi ya mti, au bomba linalovuja. Huenda ikawa kweli. Lakini anayetakiwa kuthibitisha kwamba si hivyo ni yeye, mtu asiyeweza kushuka mgodini, asiye na ramani, asiye na fedha za kuchoronga mwamba. Kampuni iliyochimba pengine ilishakufa, na bima ya kawaida ya nyumba huko Pennsylvania haigusi ardhi inayotitia. Ndiyo maana jimbo lilianzisha mfuko wake wa bima mwaka 1961. Ni jambo jema, lakini kujiunga ni hiari, na aliyeaminishwa kwamba ardhi imetulia atajiunga ili iweje?

Wapo wanaosema mnunuzi alijua alichonunua. Sheria ya Pennsylvania huitenga ardhi katika mali tatu: uso wa ardhi, madini, na haki ya kushikiliwa kutoka chini. Unaweza kununua nyumba bila kununua kinachoizuia isianguke. Mwaka 1878 kampuni moja ya makaa iliuza uso wa kiwanja, ikabakiza makaa, na mnunuzi akakubali kubeba hatari. Kesi ya kuizuia isichimbe chini ya nyumba hapo ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1922, kampuni ilishinda. Jaji Brandeis peke yake alipinga, akishikilia kuwa kuzuia matumizi ya hatari si kumpora mtu mali. Naamini Brandeis alikuwa sahihi. Kutia saini karatasi hakumpi mtu uwezo wa kuona ndani ya mwamba, na aliyechonga vyumba vile ndiye pekee aliyejua unene wa nguzo alizoacha. Mwaka 1987 mahakama hiyo hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliiachia Pennsylvania sheria iliyotaka nusu ya makaa chini ya nyumba yaachwe. Kwa migodi iliyokwisha kuachwa, ushindi huo ulikuja umechelewa.

Dawa ipo: mzigo wa ushahidi uhamishwe. Sheria ya madini ya Ujerumani ya mwaka 1980 inachukulia kwamba uharibifu unaofanana na wa mgodi, ukitokea katika eneo lililoathiriwa na uchimbaji wa chini ya ardhi, umesababishwa na mgodi, mpaka kampuni ithibitishe vinginevyo. Uingereza ilifuata njia ya karibu na hiyo katika sheria yake ya 1991. Kampuni hulalamika kwamba kila ufa utakuwa dai. Basi zilete ramani. Uingereza imekuwa ikidai ramani za migodi ya makaa inayoachwa tangu mwaka 1872, na mwenye kumbukumbu nzuri hana cha kuogopa.

Hata kwetu Tanzania, Kiwira makaa yalichimbwa chini ya ardhi. Ramani ya vyumba na nguzo za mgodi wa aina hiyo inapaswa kuwekwa katika ofisi ya ardhi ya wilaya, ambako mtu anayetaka kiwanja anaweza kuifungua na kuisoma kabla hajalipa hata shilingi.